Mlima wa Mama: Historia ya Vaishno Devi na Watu Wasiotajwa Majina

Muulize mama au mjomba aliyekuwa mpenzi wa sinema za Kihindi miaka ya themanini kuhusu filamu ya Avtaar. Ilitoka mwaka 1983, ndani yake wakiwemo Rajesh Khanna na Shabana Azmi, na imewaliza wazazi wengi kwa sababu ya wale watoto wasio na shukrani. Sasa kwenye filamu ile kuna wimbo mmoja wa hija: watu wanapanda mlima wakiimba, jasho linatoka, na juu kuna pango. Wengi waliupenda wimbo wakaishia hapo. Kumbe mlima wenyewe si seti ya sinema. Upo kweli, unapandwa usiku na mchana, na historia yake ina drama kuliko filamu yenyewe.

Mlima unaitwa Trikuta, uko Jammu, kaskazini kabisa mwa India, pale ambapo tambarare za Punjab zinaisha na Himalaya inaanza kujitutumua. Mji wa chini unaitwa Katra, kama kilomita 50 kutoka jiji la Jammu. Kutoka Katra mpaka pangoni ni mwendo wa takribani kilomita 12, karibu zote za kupanda, na pango lenyewe liko kwenye kimo cha karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Anayeabudiwa pale ni Vaishno Devi, mungu wa kike ambaye Wahindu wengi wanamwita tu Mata, yaani Mama. Njia nzima salamu ni moja: "Jai Mata Di!" Anayepanda anamwambia anayeshuka, anayeshuka anamjibu anayepanda, polisi anaisema, muuza chai anaisema. Ukiwa hoi umekaa kwenye jiwe unahema, mtu usiyemjua anakupitia na salamu hiyo, unasimama unaendelea.

Jambo linalowashangaza wengi wakifika mara ya kwanza ni kwamba ndani ya pango hakuna sanamu. Hakuna mama mwenye mikono minane aliyepanda simba, kama zile picha zinazouzwa madukani. Kuna mawe matatu ya asili yaliyochomoza kwenye mwamba, na waumini wanayahesabu kuwa ni sura tatu za Mama: Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati. Basi. Mtu ametembea saa tano au sita, amepanga foleni nyingine ya saa kadhaa, halafu anapewa sekunde chache mbele ya mawe matatu kabla hajaambiwa asogee. Na bado watu wanatoka wakilia kwa furaha.

Simulizi yenyewe iko hivi. Zamani, wengine husema kama miaka 700 iliyopita, karibu na hapo Katra aliishi maskini mmoja aliyeitwa Sridhar. Siku moja akatokewa na binti mdogo, akamwambia aandae karamu aalike kijiji kizima. Hebu fikiria, mtu hana hata akiba ya kesho, anaambiwa afanye shughuli ya watu wote! Akakubali. Wageni wakajaa, na miongoni mwao alikuwemo mtu mmoja mwenye nguvu za kichawi aliyeitwa Bhairon Nath. Yule binti akawa anagawa chakula, na chakula hakiishi. Bhairon akaanza kuleta za kuleta: akataka nyama na pombe. Akaambiwa hii ni karamu ya mtu wa dini, hivyo vitu hapa havipo. Badala ya kula kilichopo, akataka kumkamata binti. Binti akakimbilia mlimani.

Mbio zile ndizo ramani ya hija mpaka leo. Hapo ndipo utamu wa Vaishno Devi ulipo: hujaji anapanda akifuata nyayo za msichana aliyekuwa anakimbia mwanaume msumbufu. Kituo cha kwanza ni Banganga, kijito ambacho inasemekana kilitokea pale alipopiga mshale ardhini ili apate maji. Mbele kidogo ni Charan Paduka, alipogeuka kuangalia kama bado anafuatwa, na alama ya mguu wake ikabaki kwenye mwamba. Katikati ya safari ni Ardhkuwari, pango jembamba ambalo simulizi inasema alijificha miezi tisa, kama mtoto tumboni. Mahujaji wanapita humo kwa kutambaa na kujibana, na utani wa njiani ni kwamba ukikwama si unene, ni dhambi zako. Watu wa kila umbo wanapita, lakini.

Bhairon hakukata tamaa. Alipomfikia kwenye pango la juu, binti akageuka kuwa Kali na kumkata kichwa kwa pigo moja. Kichwa kikarushwa kikaangukia kilele kingine cha juu zaidi. Na hapa simulizi inafanya kitu ambacho filamu nyingi zisingethubutu: Bhairon, kichwa kikiwa huko juu, anaomba msamaha, na Mama anamsamehe. Tena anampa heshima, kwamba hija ya mtu haitahesabika kukamilika mpaka akamsalimie na Bhairon pia. Ndiyo maana baada ya kutoka pangoni, miguu ikiwa imekwisha kabisa, hujaji anaambiwa bado kuna kilomita moja na nusu ya kupanda kwenda kwa yule yule adui. Kuna wanaonung'unika, lakini wengi wanaenda.

Sasa tuache simulizi, tuje kwenye watu.

Kabla ya barabara na taa, Vaishno Devi ilikuwa hija ya watu wachache wenye moyo. Njia ilikuwa ya mawe, ikitumiwa na watu wa Jammu na Punjab waliokwenda kwa makundi. Pango la asili lina urefu wa kama mita 30, na ulikuwa unaingia kwa kutambaa, maji baridi ya kijito yakikupita chini ya tumbo, halafu unatoka kinyumenyume kwa mlango ule ule. Kwa hiyo anayetoka anamsubirisha anayeingia. Mwaka 1977 ikachongwa njia ya pembeni kwenye mwamba ili watu watoke kwa upande mwingine, na mwaka 1999 ikaongezwa nyingine. Siku hizi pango la zamani linafunguliwa tu majira ya baridi, watu wanapopungua. Mahujaji wengi wa leo wanapita kwenye njia zilizochongwa na binadamu, zenye marumaru, na hawajawahi kuliona lile la kutambaa.

Nani alikuwa anapokea sadaka miaka yote hiyo? Kulikuwa na familia za pale pale zilizoitwa Baridar. Neno lenyewe linatokana na "bari", maana yake zamu. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya kuhudumu na kuchukua kilichowekwa mbele ya Mama. Upande wa pili kulikuwa na Dharmarth Trust, mfuko wa dini ulioanzishwa na watawala wa kifalme wa Jammu na Kashmir katika karne ya 19. Mpangilio huo ulikwenda hivyo hivyo vizazi kwa vizazi. Lakini kadiri watu walivyoongezeka, malalamiko nayo yaliongezeka: uchafu, giza, vyoo hakuna, pa kulala hakuna, huku sadaka zikigawanywa.

Mwaka 1986 gavana wa jimbo wakati huo, Jagmohan, akapitisha sheria na kuikabidhi sehemu yote kwa Bodi mpya ya Hekalu. Siku hiyo hiyo mpango wa zamu ukafa. Familia zilizokuwa zimehudumu kwa vizazi zikajikuta nje ya mlango. Zilikwenda mahakamani, na kesi ilichukua zaidi ya miaka 10; mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya India ikasema sheria ile ni halali. Mtu anaweza kuipongeza Bodi, na ana haki: njia iliwekwa sakafu na paa, taa zikawaka, hospitali, mabweni na vyoo vikajengwa, baadaye hata chuo kikuu kikaanzishwa. Lakini pia ni kweli kwamba watu waliowasha taa ya mafuta pangoni wakati hakuna aliyetaka kupanda kule waliondolewa pale pale mahali palipoanza kuingiza fedha ya maana. Yote mawili yalitokea kwa mpigo mmoja.

Fedha iliingia kweli. Mwaka 1986 waliopanda hawakufika milioni moja na nusu. Mwaka 2012 walipita milioni 10. Hapo katikati kulikuwa na barabara nzuri na mabasi, sawa, lakini kulikuwa pia na kaseti. Narendra Chanchal, mwimbaji kutoka Amritsar ambaye sauti yake imo kwenye ule wimbo wa Avtaar, alikuwa nyota wa nyimbo za ibada, akikesha na watu usiku kucha. Na Gulshan Kumar, yule aliyeanza na kibanda cha sharubati Delhi kisha akaanzisha T-Series, alisambaza kaseti za nyimbo za dini kwa bei ya kutupa. Ndiyo, T-Series hii hii unayoiona YouTube kila ukifungua simu. Gulshan Kumar aliuawa kwa risasi Mumbai mwaka 1997 akitoka kusali, lakini jiko la chakula cha bure lililobeba jina lake kwenye njia ya Vaishno Devi liliendelea kuwalisha mahujaji. Yaani biashara ya muziki na mlima vililishana. Mtu anasikia kaseti kwenye basi, moyo unamdunda, anajiambia Mama ananiita. Maana waumini wanaamini hivyo: huendi kwa kupanga wewe, unakwenda ukiitwa.

Mwaka 2014 reli ikafika Katra yenyewe. Ukitoka Delhi unalala kwenye treni, unaamkia chini ya mlima. Helikopta zinaruka kwa wenye haraka na wenye nazo. Juu, kati ya pango na hekalu la Bhairon, tangu mwisho wa mwaka 2018 kuna gari la waya linaloning'inia, kwa hiyo hata ile safari ya kumsalimia adui imekuwa ya dakika chache.

Hapa ndipo wanapoingia wale ambao hakuna filamu iliyowapa jina.

Kwenye njia ile kuna makundi matatu ya watu wanaoishi kwa miguu ya wengine. Wapo wenye farasi wadogo na nyumbu. Hawa ndio bodaboda wa Trikuta, wanakuita kwa mbali, wanabishana bei, wanakuambia mama mzee hatafika kwa mguu. Wapo wabeba machela, wanaume wanne mabegani, mgonjwa au bibi amekaa juu kwenye kiti. Na wapo wanaoitwa pithu, jina linalotokana na neno la Kihindi la mgongo. Pithu anabeba mizigo na watoto. Unamkabidhi mwanao wa miaka miwili, anamfunga au kumweka begani, na anakutangulia gizani kwa kasi ambayo wewe huna. Kwa mzazi wa mjini hicho ni kipimo cha imani kuliko pango lenyewe.

Wengi wa watu hawa ni Waislamu wa vijiji vya jirani, hasa wafugaji wa jamii ya Gujjar na Bakarwal. Hilo halitajwi sana kwenye video za mitandaoni, lakini kila aliyepanda analijua. Bibi wa Kihindu anakwenda kwa Mama yake akiwa juu ya mabega ya watu wanaofunga Ramadhani, na salamu ya njiani wote wanaitikia. Hakuna aliyewahutubia kuhusu kuvumiliana. Ni kazi, na ni riziki, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wanarithi mteremko kama wengine wanavyorithi shamba. Pale India hali ya kisiasa inapochafuka, mlima huu unabaki sehemu ambayo pande mbili zinahitajiana mchana kweupe.

Wa Moshi wataielewa hadithi hii haraka. Kilimanjaro nako wapo wagumu, wanaobeba mahema, gesi na mayai ya wageni mpaka juu, halafu picha ya kileleni anaonekana mgeni peke yake. Tofauti ni wingi wa watu. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India iliamuru Vaishno Devi isipokee zaidi ya mahujaji 50,000 kwa siku. Kwa siku! Hiyo inakaribia hesabu ya wapandaji wa Kilimanjaro kwa mwaka mzima. Kesi hiyo ndiyo iliyowasha moto mwingine, maana ilihusu pia farasi na nyumbu: kinyesi njiani, harufu, wanyama kuwasukuma waenda kwa miguu. Mwaka uliofuata ikafunguliwa njia mpya ya Tarakote, safi, yenye mteremko wa wastani, isiyoruhusu wanyama. Kwa hujaji ni raha tupu. Kwa mwenye nyumbu ni wateja waliopungua.

Halafu ukaja mpango mkubwa zaidi: gari la waya kutoka Tarakote, chini kabisa, mpaka Sanjichhat, karibu na pango. Gharama iliyotajwa ni rupia bilioni 2.5. Safari ya saa kadhaa iwe ya dakika chache. Bodi inasema ni kwa ajili ya wazee, watoto na wenye ulemavu, na hoja hiyo si ya kuipuuza, kwa sababu wapo watu wanaokufa na hamu ya kufika na miili haiwaruhusu. Wenye farasi, pithu, wabeba machela na wenye maduka ya Katra wakajibu kwa kuhesabu: mzee ndiye mteja wa machela, mtoto ndiye mteja wa pithu. Ukimpandisha mzee na mtoto kwenye waya, nani anabaki? Vijana wenye miguu mizima, ambao hawalipi mtu.

Novemba 2024 maandamano yakaanza, yakafika mahali pa kurushiana mawe na polisi. Desemba, katikati ya msimu wa mwisho wa mwaka, Katra ikafunga. Maduka, hoteli ndogo, farasi, kila kitu. Mahujaji wakabaki na mabegi yao barabarani wakitafuta chai. Baadhi ya viongozi wa mgomo wakakamatwa, wengine wakakaa bila kula, kisha wakaachiwa na kamati ya mazungumzo ikaundwa. Tanzania nayo iliwahi kupata kionjo cha hili: mwaka 2019 serikali iliposema inafikiria magari ya waya Kilimanjaro, wa kwanza kupiga kelele walikuwa wagumu na waongozaji wa watalii.

Na mlima wenyewe hauna upole wa kwenye nyimbo. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2022, watu walisongamana karibu na pango wakitaka kuuanza mwaka mbele ya Mama, wakakanyagana, 12 wakafa. Juni 2024 basi lililokuwa linaelekea Katra likitoka hekalu jingine lilishambuliwa kwa risasi, likatumbukia korongoni, watu tisa wakapoteza maisha. Agosti 26, 2025 mvua kubwa iliporomosha mlima juu ya njia karibu na Ardhkuwari, ikaua zaidi ya watu 30. Hija ikasimamishwa kwa wiki kadhaa, kisha ikafunguliwa, na watu wakarudi.

Huku kwetu, mwezi wa tisa au wa kumi ukipita mitaa ya mahekalu karibu na Kisutu jijini Dar es Salaam, au Parklands kule Nairobi, unakuta vijana wamevaa wanameremeta, vijiti mkononi, wanacheza kwa kuzunguka. Hiyo ni Navratri, sikukuu ya usiku tisa, na anayechezewa ni huyu huyu Mama kwa majina yake mengi. Katra siku hizo tisa hujaa mpaka pomoni. Wengi wa Wahindu wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, ambako kuna milima mingine ya Mama, kama Pavagadh na Ambaji. Ila wapo pia wenye asili ya Punjab, pamoja na Masingasinga, ambao mababu zao walikuja na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, ilipoletwa nguvukazi ya watu zaidi ya 30,000 kutoka India. Kwa Wahindu wa Punjab, Trikuta ndiyo mlima wa bibi.

Mtu akitaka kupanda leo, anaanzia Katra kwa kujiandikisha na kupewa kadi ya kuvaa shingoni. Bila hiyo hapiti kituo cha Banganga. Mkanda wa ngozi, pochi na simu vinaachwa kwenye makabati kabla ya kuingia pangoni, kwa hiyo ile picha ya mawe matatu unayoitafuta mtandaoni haikupigwa na hujaji. Bei za farasi, machela na pithu zimepangwa na zimebandikwa kwenye mabango, ingawa usiku wa baridi kali mabishano hayakosekani. Na mahujaji wanashauriwa wakodi mwenye usajili tu, wachukue kitambulisho chake cha kazi na kukaa nacho mpaka safari iishe. Kwa hiyo kwa saa zile za gizani jina la pithu linakuwa mfukoni mwa mzazi, na mtoto wa mzazi yuko mgongoni kwa pithu. Wakifika juu wanabadilishana, pesa inalipwa, na pithu anageuka kushuka kumtafuta abiria mwingine kabla hakujapambazuka.